Nyumba ya Mwisho ya Mlimani

Jumatatu, 13 Mei 2019
Kikao saa moja asubuhi, mbele ya ukuta wa shule. Kila mtu kabandika kikaratasi chake: kazi atakayomaliza wiki hii – aliyoitaja mwenyewe, si niliyompangia mimi injinia. Mafundi wameshazoea. Nyumba kumi za mradi zimeezekwa. Imebaki moja, ya mzee Hilario Ticona, anayeishi peke yake kule juu na alpaka wake tisa, wanyama wake wa sufu. Ameahidi matofali mia mbili ya udongo, makavu, ifikapo Jumamosi. Ni mistari ya juu ya ukuta tu. Lazima! Juni baridi itauma, na kifua chake kile...

Jumamosi, 18 Mei
Ahadi zote zimetimia, isipokuwa ya Hilario. Sababu? Eti mvua. Mvua gani, mwezi huu? Fundi Wilber akamtania: labda mzee ameyalilia! Wakaangua kicheko. Hilario hakucheka.

Jumatano, 22 Mei
Nimepanda kwake. Nikamkuta anayamwagia matofali maji – kwa birika!
“Mzee Hilario, ndiyo nini hii?”
Akalitua birika.
“Mkimaliza mtaondoka, binti. Tangu mje, nasikia watu wakitukanana hapa. Nakula na watu.”
Wanawe wako mbali, mjini Lima. Hupiga simu Krismasi. Amenipa supu ya viazi vikavu. Tumekula, yeye akikohoa.

Ijumaa, 24 Mei
Maji ya ndoo yameganda. Mapema hivi! Bosi kapiga simu kutoka mjini Puno: mmekwama wapi? Nikajibu, matofali.
Ukweli: Wilber aliacha rundo zima la matofali ya ziada, makavu, nyuma ya nyumba ya nane, akalisahau. Nimeliona tangu wiki mbili zilizopita. Sikulitaja kikaoni. Chumba changu Puno kina kitanda kimoja, kiti kimoja, sufuria moja.

Jumatatu, 27 Mei
Nimesema mbele ya wote: anayechelewesha ni mimi. Matofali yapo.
Wilber: “Injinia, unaumwa?”
Hilario akaenda ukutani mwenyewe. Akaandika polepole, herufi kubwa: JUMAMOSI – PAA. Kisha akanigeukia.
“Na wewe, binti? Sisi wote tumeahidi. Baada ya paa utakuja lini?”
Nikaomba nijibu baada ya chakula. Nimejifungia stoo, naandika haya. Huko nje wameshamaliza kula. Nasikia mabenchi yanavutwa, na kikohozi chake, karibu kabisa na mlango –