Renka Hana Nyumba

Kalama, Machakos
Jumamosi, 5 Aprili 2025

Kwako Mama,

Pokea salamu kutoka kwetu. Mimi niko mzima. Susu pia ni mzima, ila goti linamsumbua asubuhi, na amesema nikuandikie amekusalimia kabla ya kitu kingine chochote. Wewe uko aje? Bado wanakupa simu Ijumaa pekee?

Wavinya alifika kutoka huko Jeddah na mzigo wako. Sabuni nimempa susu, na hiyo gemu nikaificha kwa shati kama mwizi. Asante, Mama. Sikujua unakumbuka napenda katuni za Kijapani. Kwa vile hatuna mashine, naichezea kwa kina Yasin, kwa duka la simu la babake, pale mjini karibu na msikiti. Uliuliza kama ni nzuri ama walikudanganya. Nitakuandikia ukweli wote, kwa sababu ukipiga simu mimi hujibu "eeh" tu, na ukikata najichukia.

Uzuri wake ni kwamba imechorwa kama katuni yenyewe. Mtu akikanyaga, vumbi linaruka. Mimi huchukua Renka, msichana mwenye upanga mrefu. Ni mwepesi sana, lakini akipigwa kidogo tu ameanguka. Ubaya ni kwamba ukibonyeza kitufe kimoja mfululizo, kombo nzima, yale mapigo ya kufuatana, inatoka yenyewe, kwa hivyo mdogo wake Yasin, ambaye hata kushika pad ya kuchezea hajui, ananipiga halafu anauliza kama mimi ndiye Form Three. Tena kuna yale mapigo makubwa, kila kitu kinasimama ili mtazame. Mara ya kwanza ni maajabu. Siku hizi unaweza kwenda kukoroga chai, urudi, umkute Renka bado anazungusha upanga.

Ubaya mwingine sijui kama nikuambie. Hadithi yake ni picha na maandishi, na maandishi yote ni ya Kiarabu. Sisi shuleni ni Kiingereza na Kiswahili. Lakini usijali, kupigana hakuhitaji kusoma.

Mwanao,
Muindi

*

Jeddah
Ijumaa, 11 Aprili 2025

Muindi baba,

Nimeshukuru kusikia mko wazima. Mimi kichwa kiliniuma wiki hii lakini kimeniachilia. Mwambie susu yako, huyo mama yangu, asipige magoti shambani, nimemwambia mpaka nimechoka.

Nimecheka mpaka madam akaja kuangalia ni nini. Hiyo gemu ndiyo Nuha anacheza, huyu msichana ninayemlea. Nikiwa jikoni nasikia muziki wake kila jioni, nasema, Muindi angekuwa hapa angeketi pale kwa zulia. Ndiyo nikamtuma dereva aninunulie kama hiyo ya Nuha, nikasahau Nuha ni Mwarabu.

Sasa sikia. Mimi Kiarabu kikisemwa nakielewa. Kusoma ndio siwezi, hata jina langu. Si Yasin ni mtoto wa madrasa? Mwambie asome kwa sauti, wewe uandike vile inasikika, kwa herufi zetu, unitumie. Sauti usirekodi, madam hataki simu iongee ndani ya nyumba. Nitasoma kimya nikikunja nguo, nikuambie huyo msichana anatafuta nini.

Ni mimi mama yako

*

Kalama
Jumamosi, 19 Aprili 2025

Kwako Mama,

Natumaini kichwa hakijarudi. Hapa mvua imeanza, susu amefurahi na goti limekasirika.

Tumejaribu. Yasin anasoma lakini haelewi hata neno. Anasema madrasa husoma maandishi yenye alama juu na chini, na hii ya gemu haina alama, ni herufi tupu, kwa hivyo katikati anakisia. Ya kwanza Renka anasema akipanda mlima kwa theluji: Ukhti, ayna anti. Ya pili anamwambia lile jitu linaloitwa Gamo, kabla wapigane: La ahad yantzurni. Hiyo ya pili Yasin ameapa iko sawa, na Yasin akiapa mimi huogopa.

Nikuambie kitu. Binamu Aloys alikuja dukani akasema simu inaweza kupiga picha hayo maandishi na kuyatafsiri hapo hapo, tuache kujitesa. Nikamwambia kamera ya simu ya Yasin imeharibika. Haijaharibika, Mama. Nataka ni wewe uniambie.

Mwanao,
Muindi

*

Jeddah
Ijumaa, 2 Mei 2025

Muindi baba,

Habari ya masomo? Habari ya mama na hilo goti? Mimi ni mzima.

Ya kwanza ni rahisi: Dada yangu, uko wapi. Ya pili imekuja kama mfupa bila nyama. Nimeigeuza mdomoni nikiosha sufuria, nikimlaza Nuha, mpaka ikakaa. Anasema, Hakuna mtu ananingoja. Maskini, pole yake. Mwambie Yasin kuapa si kusoma.

Kuna jambo. Mkataba wangu unaisha mwezi wa nane. Madam ameniuliza kama nitaongeza miaka miwili na bado sijamjibu. Mama yangu anasema nifanye vile nitaona. Lakini wewe ndiye umekaa huko bila mimi. Unasemaje?

Mama yako

*

Kalama
Jumamosi, 12 Julai 2025

Kwako Mama,

Salamu, na samahani kwa kunyamaza. Tulikuwa na mitihani. Susu ni mzima, tunachambua mbaazi kila jioni. Baridi ya mwaka huu ni kali, ukungu unakaa mlimani hadi saa tano.

Kuhusu lile la madam, wewe ndiwe unajua, Mama.

Gemu tumeukaribia mwisho wake. Nimegundua udanganyifu: kati ya wapiganaji, watatu ni mtu mmoja aliyebadilishwa nguo. Lakini nimejifunza kujikinga na kungoja, na sasa mdogo wake Yasin hapati nafasi ya kubonyeza kitufe chake. Jana alimwita mama yake aje anikanye. Hapo ndipo nimeona ni gemu nzuri, mtu akiipa muda.

Renka anasema maneno haya mwishoni. Yasin ameyasoma polepole: Irji'i. Albayt bidunik barid.

Tafadhali uniambie maana yake.

Mwanao,
Muindi

*

Jeddah
Ijumaa, 18 Julai 2025

Muindi baba,

Niko mzima wa mwili.

Maneno yako ya leo hayakunipa shida, yamenyooka, hakuna pa kukisia. Yanasema, Rudi. Nyumba bila wewe ina baridi.

Nikamwuliza Nuha ni nani anaambiwa hivyo. Hiyo gemu ameimaliza mara nyingi. Akaniangalia, akasema, "Renka hana nyumba. Na mwishoni hasemi kitu, anaenda tu."

Mwanangu, nimekungoja tangu Mei. Kila Ijumaa nikipewa simu natafuta jibu lako, hata kama ni "eeh". Jumatano madam aliweka karatasi mezani, nikajiambia, labda kijana amekua, labda hanihitaji sana. Nikasaini. Miwili niliikataa, nikasema mmoja. Simu nimepewa leo.

Nimeketi sakafuni na nguo za Nuha mkononi, sijakunja hata moja. Nani amekufundisha kusema hivyo?

Mama

*

Kalama
Jumamosi, 9 Agosti 2025

Kwako Mama,

Sisi tuko. Susu nimemwambia ni mwaka mmoja, akasema mwaka ni mbaazi za msimu mmoja tu, halafu akaenda nyuma ya nyumba akakaa huko.

Aliyenifundisha ni Ruqaya, shangazi yake Yasin, mwalimu wa madrasa. Nilimwuliza nikiangalia sakafu. Aliniandikia bila kuuliza ni ya nani, lakini akanipa chai na mahamri mawili, kwa hivyo nadhani alijua. Maneno hayo niliyakalia tangu ule mwezi wa tano. Niliogopa nikikuambia urudi utarudi kweli, halafu shule yangu ikwame, na kila ukiniangalia ukumbuke ni mimi nilikutoa kazini. Nikasema acha Renka aseme. Kama ungekasirika, ningesema ni gemu.

Sasa nimeimaliza. Nuha anasema kweli, Renka anaenda, mgongo wake unakuwa mdogo, halafu majina ya watengenezaji yanapita. Yasin akasema ni hadithi ya ovyo. Ukiniuliza leo kama ni nzuri, nitasema kwa kupigana ni nzuri sana. Kwa mengine haisaidii, kwa sababu kila mtu humo husema neno lake akiwa ameinua upanga.

Insha zangu za Kiingereza husomwa mbele ya darasa, za Kiswahili pia. Hili sikufundishwa darasani. Najua ni mpaka Ijumaa uione, na karatasi umeshasaini, haitabadilika. Lakini uliniuliza Mei na sikukujibu. Basi jibu langu ni lile lile la kukuita urudi nyumbani, kwa Kikamba chetu, bila Yasin na bila Renka.

Mwaitu, syoka musyi.

Ni mimi,
Muindi wako