Kiti cha Katikati

Dada yangu mpenzi,

Huku hatujambo, yaani mimi na paka. Usiniulize tena kama najifungia ndani nalia. Nimegundua sinema ndogo nyuma ya karakana ya baiskeli: viti vya mbao, feni moja yenye kelele, na tiketi rahisi kuliko nauli ya kufika huko. Siikosi Jumamosi hata moja!

Wana desturi yao. Filamu ikiisha, watazamaji huchagua ya wiki ijayo, na mwenye kutaka yake husimama akaitetea. Juzi vijana walitaka ya bunduki. Nikasimama, mimi niliyekuwa sijapaza sauti hata kwa paka tangu shemeji yako ahamie kwa yule mwanamke. Nikaitetea ile ya bibi anayejifunza kuogelea uzeeni. Nilisema, dada, mpaka nikaishinda ile feni kwa kelele! Mikono ikanyooshwa ukumbi mzima, hata ya vijana wenyewe.

Mwenye sinema akanifuata mlangoni. "Mama, wiki ijayo unakuja na nani, tuwawekee viti?"

"Na nani tena? Niwekee kimoja," nikamwambia. "Kile cha katikati."

Mdogo wako, siku hizi hashikiki.