Swali Nililokuuliza Mbele ya Darasa

Papa wangu,

Wale watoto kumi waliokuja kwako jana, wakakanyaga maua ya Mama na kulizunguka kaburi lako huku wanasukumana, ni wanafunzi wangu wa darasa la nane. Usishangae, wewe ndiwe uliyeyaanzisha mambo haya. Mama aliniuliza mara tatu kama malaria imenipanda kichwani, maana mwalimu mwenye akili zake hapeleki darasa makaburini katikati ya wiki. Nikamwambia si darasa zima, ni kumi tu, na kumi ni lazima. Nitakueleza kwa nini. Lakini kwanza nianze na kile kitabu, kwa sababu bila kile kitabu mimi na wewe tusingekosana.

Unakumbuka ulivyokipata? Papa Kambale, yule mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka pale Masisi, alikuwa anachana kurasa zake ili kufungia vipande vya sabuni. Jalada halikuwepo tena, na kurasa za mwanzo zilikuwa zimekwisha kwenda mtoni na nguo chafu za watu. Ulisoma ukurasa mmoja umesimama, ukasahau kilichokupeleka dukani, ukamwachia magazeti yako ya zamani ili naye asikose karatasi. Kilikuwa kitabu cha Kifaransa. Juu ya ukurasa kulikuwa na sheria ya Musa, na chini yake mabishano ya walimu wa Wayahudi wa zamani, huyu anasema hivi, yule anakataa, wa tatu anawakatalia wote wawili. Ulirudi nyumbani unacheka peke yako.

"Mama Neema, hawa bantu banabishana juu ya Maandiko, na hakuna mwenye anabafukuza ku kanisa!"

Mama alikuuliza chumvi iko wapi.

Tangu juma lile, saa ya maadili katika darasa lako ikabadilika. Ulikuwa unaandika sheria moja ubaoni, unatuweka wawili wawili kwenye benchi, mmoja anasoma, mwingine anauliza, na hakuna aliyeruhusiwa kusema "ndiyo" kabla hajasema "lakini". Kelele zile! Mkuu wa shule alikuja mara mbili akidhani tunapigana. Mzazi mmoja naye akaja na mwavuli wake kulalamika: "Mwalimu, siye tuko bakristo. Mambo ya Bayahudi inatuhusu nini?" Ukamjibu kwa upole wako ule uliokuwa unawakera watu kuliko matusi: "Na Yesu, Papa, yeye alisoma kitabu ya nani?" Akasema basi angalau watoto wapunguze kelele.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimekaa benchi ya mbele. Nyumbani nilikuita Papa, darasani nilikuita Mwalimu, na jioni nilikubebea kisanduku cha chaki tukarudi pamoja kwa njia ya juu, inayopita kando ya kambi ya wakimbizi wa vita ya Lushebere. Njia nzima uliniuliza nimebishana na nani na nimeshindwa wapi. Watoto wengine walikuwa na baba wenye ng'ombe. Mimi nilikuwa na ile njia, na nilijiona tajiri.

Halafu ikaja ile sheria ya pembe. Mtu akivuna shamba lake asivune mpaka mwisho. Aache pembe moja ya shamba, asiiguse, maskini na mgeni waje wachukue wenyewe, bila kuomba na bila kushukuru. Ulitufundisha siku mbili nzima. Tulibishana pembe iwe kubwa namna gani, ukatuambia kipimo hakikuandikwa. Tulibishana kama mwenye shamba anaweza kuchagua nani achukue, ukasema hapana, pembe haina mwenyewe. Nilikuwa nimewaka moto. Na sisi, Papa, tulikuwa tumemaliza kuvuna maharagwe Jumamosi iliyotangulia. Tulikuwa tumeng'oa kila shina. Nilikuwepo, mikono yangu ilikuwa bado na malengelenge.

Nikanyoosha kidole.

"Mwalimu, na siye, ku shamba yetu, tuliacha pembe wapi?"

Darasa lilicheka. Baadaye lilinyamaza, na ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko kicheko, maana watoto wa kambi walikuwa humo ndani, na mama zao walikuwa wamekaa kando ya shamba letu Jumamosi ile wakitutazama tunamaliza. Ulisimama na chaki mkononi. Uso wako ulibadilika, niliuona. Ukasema, "Rudilia swali." Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi, nimejaa majivuno mpaka kooni. Ukaliandika ubaoni neno kwa neno, ukaweka alama ya kuuliza, ukasema, "Hapana. Hatukuacha." Kengele ikalia.

Jioni ile kisanduku cha chaki ulikibeba mwenyewe. Ulitangulia kwa hatua ndefu, nami nikafuata kwa mbali kwa miguu yangu mifupi, nikidhani una haraka. Nilipofika uani nilikukuta unayabeba maharagwe kutoka pale yalipoanikwa, mashina na maganda yake, unayarudisha shambani. Mama alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba Neema! Unarudisha maharagwe ku shamba? Unazani itaota tena mizizi?"

Uliyapanga vizuri kwenye pembe ya chini, karibu na mtaro, ukaondoka. Na hakuna mtu aliyeyagusa! Wale mama wa kambi waliyaona, wakasema ni mtego, au yamewekwa dawa. Mvua ikanyesha siku nne. Maharagwe yakaoza nusu, na nusu yakachipua palepale ndani ya maganda. Mama aliongea mwezi mzima. Miezi iliyofuata pembe ile ilijaa majani mabichi, na siku moja mama wawili walikuja wakayachuma kwa mboga. Wewe uliwaona dirishani ukawakataza watoto wote kutoka nje, wasije wakawashtua. Mpaka leo hakuna anayelima pembe ile kwa ajili yetu. Hayo mazuri yote nayajua.

Lakini kisanduku hukunirudishia tena. Siku ya pili nilinyoosha mkono nikipokee, ukasema, "Acha, ni chepesi." Na siku ya tatu. Baadaye sikunyoosha mkono tena. Hukunichapa, hukunifokea, uliniuliza habari za masomo mezani kama baba yeyote. Ile njia tu ndiyo iliyokwisha. Nami, kwa kichwa changu kigumu, sikuomba msamaha, kwa sababu nilijua kwamba swali langu lilikuwa la haki. Nilikuwa nasema moyoni: kosa ni la nani? Ni nani aliyevuna mpaka mwisho? Unaona mtoto uliyemzaa.

Nilipopata kazi ya kufundisha Mubi, siku ya kuondoka uliamka mapema, ukaweka kile kitabu ndani ya begi langu kimefungwa katika kikwembe cha zamani cha Mama. Nilikiona nimekwisha fika, nimekaa kwenye chumba changu, nje pikipiki na malori ya wenye machimbo yanapiga honi, nikalia kama mtoto mdogo. Nikajiambia, nikirudi kwa likizo nitamwambia. Nilirudi likizo, tukaongea habari za mvua. Likizo nyingine tukaongea habari za bei ya unga. Ulipougua niliwahi lori la kwanza, na barabara ikakatika njiani, pale Mpofi. Tulikaa pale siku tatu tunaangalia matope. Nilipofika Lushebere watu walikuwa wamekwisha kunawa mikono kutoka makaburini.

Sasa nimerudi nyumbani, ninafundisha darasa lako lile lile, ubao ule ule wenye ufa. Wawili wawili, na kelele ile ile. Mwezi uliopita tulifika kwenye kurasa ambazo wewe hukutufikisha, au labda uliziruka kwa makusudi, sijui. Walimu wale wa zamani wanasema kumfanya mtu abadilike uso kwa aibu mbele ya watu ni jambo zito sana, linakaribia kumwaga damu yake. Nilisoma hayo kwa sauti mbele ya watoto, kisha nikayasoma tena. Wanasema pia kwamba ukimkosea mtu, Mungu hakusamehei kwa niaba ya mtu huyo. Lazima uende kwake mwenyewe. Mvulana mmoja akauliza, "Na kama alishakufa?" Nikafungua ukurasa unaofuata, na jibu lilikuwepo. Unachukua watu kumi, unasimama nao kaburini, unasema mbele yao ulichomtenda.

Niliwaambia watoto habari yote, Papa. Shamba, swali, kisanduku. Nikawaambia nani anataka kunisindikiza, wakanyoosha vidole wote, ikabidi tupige kura. Tulitoka shuleni saa sita, nimebeba begi na kisanduku chako. Mama alitufuata hata hivyo, amevaa kikwembe cha kanisani.

Nilisimama miguuni pako. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya Kifaransa, yakapotea yote. Nikasema, "Papa, nilikutia haya mbele ya batoto bako. Nilifurahi kukutia haya. Miaka yote nilinyamaza. Unisamehe." Mama alikuwa anajifuta macho na pindo la kikwembe. Mimi nilitaka tu tuondoke.

Hapo Furaha akanyoosha kidole. Furaha ni mtoto wa kambi, amekaa benchi yangu ya zamani, mwembamba, na ana mdomo ambao ungeutambua mara moja. Kaburini, Papa! Amenyoosha kidole kama yuko darasani.

"Madamu, mimi minauliza. Kama Papa yako alivuna pembe kweli, na swali yako ilikuwa ya kweli, mbona wewe njo unaomba musamaha?"

Wenzake waligeuka wote kuniangalia. Mama naye aliniangalia. Nilisikia moto unapanda shingoni mpaka masikioni, mbele ya wanafunzi wangu na mbele yako, na neno lililokuja mdomoni lilikuwa "nyamaza". Papa, kumbe ndivyo ilivyokuwa. Miaka yote nilidhani ulinikasirikia. Hukuwa na hasira, ulikuwa umeumia, na mbele yako kulikuwa na mtoto uliyemfundisha mwenyewe kuuliza.

"Rudilia swali," nikasema.

Akarudia, safari hii kwa sauti ndogo, amekwisha kuogopa.

Nikamjibu kwamba swali halina kosa, na nikirudi nyuma ningeliuliza tena. Lakini kulikuwa na njia nzima ya kurudi nyumbani, sisi wawili peke yetu, na ningeweza kuliuliza pale. Nililiuliza darasani kwa sababu nilitaka wenzangu wacheke. Hilo ndilo ninaloombea msamaha. Furaha alitikisa kichwa kwamba amesikia, akaangalia vidole vyake vya miguu.

Mama akasema basi, jua ni kali, wacha mutu apumzike. Tukaondoka. Watoto walikimbia mbele wakishuka kilima, wakipiga kelele kwa furaha ya kutoka makaburini. Furaha peke yake alibaki nyuma, mbali, anatembea polepole ili asinifikie. Nilimjua kabisa, Papa. Nilijua kila kitu kilichokuwa kichwani mwake. Na miguu yangu ilitaka kwenda mbele, sitakudanganya, hatua ndefu kama zako.

Nikasimama nikamngojea. Alipofika hakuniangalia usoni. Nikampa kisanduku cha chaki.

"Shika," nikamwambia. "Na uniambie, leo ulibishana na nani?"

Tulirudi naye kwa njia ya juu.

Ninakuacha upumzike, Papa. Maharagwe yako karibu kukomaa, na pembe yako iko mahali pake.

Ni mimi binti yako,
yule wa benchi ya mbele