Kengele ya Gesi Aliyoifunga Shemeji Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla nyumba yangu haijagawanyika, maana mimi ni msimamizi wa usalama kwenye ghala la kugandisha samaki, na kazi ya kufunga vitambuzi vya gesi ilipotangazwa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, aliomba kama wengine akaipata kihalali, akaja na maneno yake matamu akamaliza mapema, kila mtu akafurahi. Shida ni kwamba vyote alivifunga kando ya mlango wa chumba cha kugandishia, usawa wa kifua, kwa sababu nyaya za umeme zinapita hapo, na nilipomuuliza akasema, "Shemeji, hapa hata kuvifuta vumbi ni rahisi." Basi wiki iliyopita valvu iliyo juu karibu na dari ikaanza kuvuja amonia, ile gesi ya mitambo ya baridi, feni zikaisukuma gesi nyuma kabisa kwa wapakiaji, na vitambuzi vya mlangoni vikakaa kimya, mpaka dada mmoja mwenye pumu akaanza kukohoa na kushika ukuta, tukambeba mgongoni huku macho yakitutiririka machozi. Namshukuru Mungu amepona, yuko kwake anapumzika.

Sasa meneja anataka nimweleze kwa nini kengele haikulia. Shemeji anasema vifaa ni vizima, alivijaribu mbele yangu vikalia, na ni kweli vililia. Mama mkwe amenipigia simu analia, "Mwanangu, ukimharibia huyu jina, nani atampa kazi tena?" Mume wangu siku hizi anakula akiangalia televisheni. Nikisema ukweli navunja undugu, nikinyamaza nitamtazamaje yule dada akirudi kazini? Nifanyeje?

Shemeji Mbaya

Shemeji Mbaya,

Pole sana. Kumbeba mtu anayetafuta pumzi si jambo la kusahau haraka, na mama mkwe akilia kwenye simu si rahisi kumkatalia. Lakini nikuulize: sasa hivi unaposubiri jibu langu, nani yuko ndani ya chumba kile? Umeniandikia habari za televisheni, hujaniandikia kwamba chumba umekifunga. Hapo umenikera.

Nimeongea na fundi wa mitambo ya baridi. Amonia ni nyepesi kuliko hewa, hupanda. Kitambuzi chake kinakaa juu, karibu na panapoweza kuvuja: juu ya kompresa, ile mashine inayoisukuma gesi, jirani na valvu, na upande ule feni zinakopeleka upepo. Mlangoni hewa safi inaingia kila mara, kitanusa nini? Gesi iliyo nzito kuliko hewa ndiyo hutegewa chini, karibu na sakafu. Na hata amonia, ikimwagika nyingi ikiwa baridi sana, inaweza kutambaa chini kwanza, ndiyo maana mahali papimwe na mtaalamu, pasichaguliwe kwa kufuata nyaya. King'ora na taa viwepo nje pia, mtu ajue kabla hajafungua mlango.

Kwa hiyo shemeji yako amefunga kifaa kizima mahali pabovu. Hilo linarekebishika. Leo hii toa watu humo. Kisha mfuate shemeji kwake, usimpigie simu, mwambie: "Naenda kwa meneja, twende wote." Akikataa, nenda peke yako. Mama mkwe mwambie kwa upole kwamba jina la mwanawe litaharibika zaidi siku atakapobebwa mtu asiyeamka.

Jibu hili nilimtumia mara moja, na gazeti lilipokuwa linaandaliwa, mama huyu alinipigia. Chumba kilifungwa siku ileile. Shemeji alinuna, akauliza, "Yaani unanipeleka wewe mwenyewe kwa meneja?" Kisha akavaa viatu. Kwa meneja alijieleza yeye, wala hakutafuta kisingizio. Vitambuzi vimehamishwa mtaalamu akisimamia, na gesi kidogo ya majaribio ilipoachiwa kule juu, king'ora kililia mpaka wapakiaji wakaziba masikio.

Nikamuuliza nyumbani kukoje.

"Bado kuna baridi," akasema, "lakini tunaongea."