Honi Kila Kona

Wanangu,

Nimelipeleka gari kwa fundi akague breki kabla ya safari yetu ya kesho. Chai iko kwenye chupa. Dada mtu, pakia masweta. Baridi ya kule mlimani si mchezo.

Asubuhi niliinuka mezani nimenuna, mkadhani ni uzee. Eti simu ya kaka mtu inasema tupite barabara mpya, inapitia chini ya mlima na haina kona. Haya. ~~Tupite hiyo, yaishe.~~ Hapana, nimeghairi. Tunapita ya zamani.

Marehemu baba yenu alikuwa akipiga honi kila kona, nanyi huko nyuma mnaitikia "Tupo!" mpaka masikio yaume. Mlidhani anawachekesha. Kumbe mwenzenu alikuwa anaogopa ule mteremko, hathubutu hata kugeuka kuwatazama. Zile sauti zenu ndizo zilizomfikisha chini. Alinikataza kuwaambia, nami nikamtunzia mpaka leo.

Kesho, kaka mtu, usukani ni wako. Mimi nakaa nyuma, mlipokuwa mkikaa ninyi. Piga honi, baba. Nitaitikia.

Mama