Sahani ya Idd kwa Jirani Mwenye Bomba

Naipingo

Mjukuu wangu Hadija,

Pokea salamu za nyumba nzima. Hatujambo, ila shangazi yako wa Ruangwa bado anakohoa. Mikorosho imetoa maua, nami situlii. Tangu nisome barua yako nimeinuka mara tatu kwenda kuitazama mikorosho.

Unasoma mambo ya nchi za nje huko Dodoma, unaniuliza nchi ndogo inawezaje kumkatalia jirani mwenye nguvu isiumie. Inaumia, mjukuu wangu. Nimeona.

Nilipokuwa msichana, bomba la kupulizia salfa, ile dawa ya kuzuia ukungu wa mikorosho, alikuwa nalo jirani yetu tu, tajiri wa shamba kubwa. Alitupulizia kila mwaka. Siku moja akamwambia baba, "Sasa korosho zako utaniuzia mimi tu."

Baba akajibu, "Jirani, salfa yako naitaka, lakini korosho nitamuuzia nimtakaye."

Hakuja tena. Ukungu ukala maua yote. Baba akawa anazunguka shambani kutwa kama aliyepoteza kitu. Tukavuka mwaka kwa ufuta na muhogo, ule muhogo wa mama ambao baba alizoea kuucheka.

Idd ilipofika, mama akampelekea jirani sahani ya wali kama kawaida. Nilikasirika sana.

"Ugomvi ni wa korosho," akaniambia. "Mpaka wa shamba hauhami."

Sahani ikarudi tupu, na kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Mama akaiosha, akaitunza kwa Idd ijayo, kisha akachukua jembe akaenda kuongeza muhogo.

Ni mimi bibi yako,
Somoe