Kwa Baba Chirchir, Aliyetaja Wageni Kwanza

Mwaka umetimia, Baba Chirchir, tangu asubuhi ile ya Juni ulipouachilia mkono wangu hospitalini, na bado sijamaliza kukukasirikia. Watoto walitaka mwanao Kipchirchir ndiye aandike tangazo hili la kumbukumbu gazetini kwa kuwa ni mwalimu. Nilikataa. Mume alikuwa wangu, nikawaambia walete kalamu hapa.

Tumebishana jambo moja tu, nalo ni majina ya mwisho. Kipchirchir anataka wale watu wako wa Kakuma waandikwe kati ya jamaa wanaokukumbuka. Nimemwambia tangazo hili ni la familia. Hadi naanza kuandika, sijakubali.

Kwa wanaosoma na hawakukujua, wewe ni Mwinjilisti Joel Kipkurui wa Kimulot. Ulifanya kazi kwenye kiwanda cha chai miaka ishirini na minane, upande wa kukausha majani, na ulipostaafu ukabaki na shamba letu dogo, ng'ombe watatu na mimi. Nilidhani sasa ni zamu yangu.

Ulikuwa mtu wa taratibu. Ulipochuma chai uliweka ufito juu ya miche ili mikono isipite kiwango, hata siku ulizokuwa peke yako na hakuna wa kukukagua. Uliwaamkia ng'ombe kabla ya kuniamkia mimi. Ulibeba mwavuli hata Januari, na mvua ikinyesha ulimpa mtu mwingine, ukafika nyumbani umelowa chapachapa, nami nikabaki kukausha koti. Hayo yote niliyazoea. Hata ng'ombe niliwasamehe.

Wale wa Kakuma ndio walionishinda.

Kanisa lilitafuta mtu wa kwenda kuhudumu kambini kule Turkana, kati ya watu waliokimbia vita Sudan Kusini. Ukainua mkono kabla sijauwahi. Ulisema ni miezi sita. Ikawa miaka saba, na wewe unakuja nyumbani kila baada ya miezi mitatu, umekonda, viatu vimejaa vumbi, na mdomo umejaa majina ya watu nisiowajua. Nyachuol amesema hivi. Mzee Gatluak amefanya vile. Siku mbili za kwanza ulikuwa unakaa mezani lakini hukuwa umefika.

Nasema wazi mbele ya wote wanaosoma: niliwaonea wivu. Ulinionyesha picha ya Nyachuol, mjane mrefu, mwembamba, na wivu wangu haukuwa wa namna hiyo. Niliona wivu kwa sababu ulimsikiliza. Mimi nikisema jambo uliguna huku ukitafuta stesheni ya redio. Yeye akisema jambo, ulilibeba kutoka Turkana mpaka mezani kwangu.

Mzee Gatluak naye alikuwa mzigo wa pekee. Kijiji chake kilichomwa na watu aliowafahamu, na kila asubuhi aliwaombea kwa majina yao. Ulisema ulikwenda kuwafundisha watu imani, ukakuta wewe ndiye mwanafunzi. Maneno hayo ukayaleta jikoni kwangu, mwaka wa pili nikiwa sisalimiani na Mama Nyambeki, jirani yetu, kwa sababu ya ng'ombe wake aliyemaliza nepia yangu, majani niliyopanda ya kulisha ng'ombe wetu.

"Gatluak anaombea watu walimchomea nyumba," ukasema. "Wewe ni nepia tu."

"Gatluak hajui vile hiyo nepia ilikuwa imemea," nikakujibu.

Lakini nilikwenda. Nilikwenda nimekunja uso, nikakaa kwa Mama Nyambeki mpaka chai ikaisha kwenye birika, na tangu siku hiyo ndiye hunipitia Jumapili twende kanisani. Sikukuambia asante, maana sikutaka Gatluak apate sifa.

Kisha kuna kibuyu. Kila Mkipsigis anajua mursik, maziwa yanayolala kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa, na anajua hupewa nani: mtu wako anaporudi nyumbani kwa heshima, unamngoja nayo mlangoni. Kibuyu changu chenye shanga nilipewa na mama yangu nilipoolewa. Safari yako ya pili nilikujazia, ukinywe wewe. Ukarudi mikono mitupu.

"Kibuyu kiko wapi?"

"Nilimpa Nyachuol anywe. Alikuwa ametoka mpakani siku hiyo hiyo, na watoto wawili aliokota kwa njia, si wake. Vile alikuwa ameshika hicho kibuyu, Mama Chirchir, singeweza kumnyang'anya."

"Mursik ni ya mtu amerudi na ushindi."

"Amefika," ukaniambia. "Kwa hao watu, kufika ndio ushindi."

Sikuongea nawe mpaka Jumapili. Unakumbuka.

Hata hivyo kilichonichoma zaidi ni maombi. Ukiwa nyumbani, kabla ya kula, uliwataja wao kwanza: Nyachuol, wale watoto wawili, Gatluak, kwaya nzima ya kambini, mtu mmoja baada ya mwingine, ugali ukipoa. Halafu majirani. Sisi tulikuja mwisho kabisa, na mimi baada ya watoto. Siku moja nilifumbua macho katikati ya maombi nikakuuliza kwa nini. Wewe hukufumbua yako.

"Mgeni anapakuliwa kwanza," ukasema. "Wa nyumbani wanakula mwisho, na hakuna mtu anauliza." Kisha ukaendelea kuomba.

Na siku ile ya mwisho nilikuwa nimekushika mkono. Ulifumbua macho, nikainama nisikie jina langu, Rodah. Ukaniuliza kama mvua imefika Kakuma. Hilo ndilo neno uliloniachia, na nimekaa nalo mwaka mzima.

Kwenye mazishi watu wako wa kambini hawakuweza kuja, kwa kuwa mkimbizi hatoki kambini bila barua ya ruhusa. Watu walisikitika. Mimi nilishukuru. Angalau siku hiyo moja ulikuwa wetu.

Mwezi wa nne Nyachuol alipata barua, akaja kwa siku tatu. Nilimpokea kwa kikombe cha wageni, kile chenye maua, na chai. Rebeccah, kitinda mimba wako, alinifuata jikoni.

"Mum, na mursik si iko?"

"Huyo ni mgeni. Mgeni anakunywa chai."

Niliporudi sebuleni, Nyachuol alikuwa amefungua leso mapajani. Ndani kulikuwa na kibuyu changu. Shanga zote zilikuwa mahali pake. Kilikuwa kimepasuka ubavuni na kushonwa kwa uzi, mshono mdogo mdogo wa mtu asiye na haraka.

"Mama, hii ni yako. Pasta alisema ilitoka kwa mama yako. Mimi nilichunga tu." Akanywa chai kidogo, akatabasamu. "Sisi tulikuwa na wivu na wewe."

"Wivu gani?"

"Kila siku Pasta anaomba, Rodah kwanza. Rodah, na goti ya Rodah, na watoto ya Rodah. Chakula inakuwa baridi. Sisi anataja mwisho. Mzee Gatluak alikuwa anauliza, huyu Rodah ni nani, Mungu hajachoka kusikia yeye?"

Nilicheka. Ndiyo mara ya kwanza tangu tukuzike, nilicheka mpaka hilo goti langu bovu likauma. Kisha nikakumbuka kanuni yako ya wageni, kicheko kikakatika. Kumbe kule mimi ndiye niliyekuwa mgeni, na wao ndio waliokuwa watu wa nyumbani! Nilichukua kikapu nikaenda shambani, nikachuma chai ovyo ovyo, bila ufito, kwa hasira tupu.

Nyachuol alinifuata. Aliuona ufito wako pale ulipouacha, umelala kati ya mistari. Akauokota, akauweka juu ya miche mbele ya mikono yangu, ukakaa sawa kabisa, akaanza kuchuma, majani mawili na chipukizi. Mtu anayetoka mahali ambapo hakuna hata mche mmoja wa chai.

"Nani amekuonyesha?" nikamuuliza.

"Pasta. Alikuwa anaweka fimbo juu ya meza ya kanisa, anatuonyesha. Alisema imani ni hiyo. Unaweka fimbo hata kama hakuna mtu anaangalia." Akachuma kidogo. "Kule kambini, nani anatuangalia miaka hii yote? Hakuna. Sisi tunaweka tu."

Nilisimama pale na kikapu mgongoni. Miaka saba nilidhani ulituacha hapa ukaenda kwao, kumbe ulikuwa umetubeba, na shamba, na ng'ombe, na goti langu, ukatupeleka sote kambini. Na wao uliwaleta kwenye meza yangu kila ulipofumba macho, nami nikawa naangalia ugali. Wanawake tulioona wivu kwa ajili yako tulikuwa wawili, na sote tulikuwa tunaona wivu wa bure. Nikaanza kuchuma vizuri, nikifuata ufito.

Tuliporudi nyumbani nilimwambia asimame nje ya mlango, asiingie. Nilisuuza kibuyu cha mama yangu, nikakijaza mursik aliyoitengeneza Rebeccah. Kilivuja kidogo kwenye mshono. Nikatoka nikampa kwa mikono miwili.

"Kunywa," nikamwambia. "Umefika."

Alikunywa mpaka akamaliza, machozi yakimtoka, na mimi yangu pia. Rebeccah akasema anaenda kuangalia ng'ombe, ambao hawakuwa na shida yoyote.

Usidhani nimepona, Baba Chirchir. Kesho mtu akinisimulia ulivyokuwa ukiimba kule kambini, nitanuna, kwa sababu huku uliimba ukikamua tu. Lakini Kipchirchir amesimama hapa anangoja karatasi. Ameambiwa gazetini kwamba mke hutangulia, kisha watoto, na wasio wa ukoo wakae mbali na jamaa. Mimi nimepanga kwa taratibu yako, na naomba asiyebarikiwa kukujua asinipangie upya.

Wanaokukumbuka, wageni kwanza: washirika wa kanisa lako la Kimulot, wenzako wote wa kiwandani, Mama Nyambeki na watu wa kwake.

Kisha wa nyumbani: Kipchirchir na mkewe, Rebeccah, Nyachuol na watoto wake wawili, Mzee Gatluak, na mimi Rodah, wa mwisho kabisa.

Mvua imefika Kakuma. Nilipiga simu mwenyewe kuuliza. Hatutakusahau siku zetu zote, sisi wa nyumbani.